Kroshia inakwenda upande, inajikunja au haimkai mtoto? Tutafute kosa lilipoanzia

Masika yakiisha na baridi ya Juni ikianza kushuka huku Arusha kila mtu anakumbuka ana uzi kwenye mfuko mahali fulani, wengine bado wameuweka kwenye yale marambo ya kabla ya 2019, na ndo hapo maswali yanaanza kumiminika. Mbona blanketi langu linazidi kuwa jembamba, mbona kofia ya mtoto imetoka ya baba yake, mbona kitambaa cha kochi kimelala doro. Na karibu wote wanaouliza wameshafumua nusu ya kazi kabla ya kuuliza, kitu ambacho kinaniuma maana ushahidi umeondoka nao.

Kwahiyo kabla ya yote, usifumue. Kosa la kroshia unaliona mstari wa ishirini lakini limefanyika mstari wa tatu au wa nne huko chini, na ukifumua mistari miwili ya juu ukaendelea utalikuta tena mbele. Tandaza kazi mezani, chukua pini, hesabu stichi kuanzia chini kwenda juu, mstari wa kwanza zipo ngapi, wa pili ngapi, wa tatu ngapi. Pale namba inapobadilika weka pini. Hapo ndo pa kufumulia, siyo juu ya hapo.

Blanketi au skafu inakuwa pembetatu

Hili ndo namba moja, na karibu mara zote liko kwenye pembe. Ukifuma kwa dabo, ile stichi ndefu (majina ninayotumia ni ya Marekani), zile cheni 3 unazopanda nazo mwanzo wa mstari zinahesabika kuwa stichi ya kwanza, maana yake stichi inayofuata inaingia kwenye tundu la pili, siyo lile cheni zilipoota. Na ukifika mwisho wa mstari, stichi ya mwisho inaingia juu ya zile cheni 3 za mstari uliopita, ambazo kwa macho hazifanani na stichi kabisa, zimejificha pembeni zimelala. Sa watu wengi wanaziruka. Kila mstari unapoteza stichi moja, umeanza na 60, ukifika mstari wa 21 una 40, na wewe mwenyewe hukuona kitu maana stichi moja kwa mstari mmoja haionekani.

Likitanuka badala ya kubana ni kinyume chake, umefuma kwenye tundu cheni zilipoota na juu ya cheni pia umefuma, stichi moja imezidi kila mstari. Na kuna wale ambao upande mmoja wanapoteza mwingine wanaongeza, hesabu inatoka sawa lakini blanketi linalala upande, hao ndo wanachanganyikiwa zaidi kwasababu wamehesabu na namba ipo sahihi. Ukiona hivyo acha kuhesabu, angalia pembe zote mbili kwa macho.

Ukifuma kwa singo, ile stichi fupi, sheria ni tofauti, cheni ni 1 tu na kwa kawaida haihesabiki, unaingia kwenye tundu la kwanza kabisa. Ndo maana mtu akitoka kufuma skafu ya singo akahamia blanketi la dabo anaharibu, mkono umezoea sheria ya kwanza.

Dawa yake ni pini. Kila ukifuma stichi ya kwanza na ya mwisho ya mstari ichome pini ya mtoto au funga kauzi ka rangi nyingine, ukirudi unajua pa kuishia bila kukodoa. Baada ya mistari kadhaa jicho linazoea unaachana nazo.

Kama mstari wa chini kabisa umebana na juu kumetanuka lakini stichi zipo sawa, basi ni zile cheni za mwanzo, umezivuta sana. Anzia cheni kwa sindano iliyozidi ya kawaida kwa nusu milimita au milimita nzima, alafu rudi kwenye sindano yako ya kawaida.

Duara linainuka, au linafanya marinda

Hapa naongelea vifuniko vya stuli, vitambaa vya mezani, kapeti za mlangoni na hata kofia maana kofia inaanza na duara. Duara la kulala chali lina hesabu yake na haibembelezwi. Singo unaongeza 6 kila raundi: 6, 12, 18, 24, 30. Hafu dabo, yenye urefu wa kati, unaongeza 8. Dabo unaongeza 12: 12, 24, 36, 48. Sababu ni urefu wa stichi, ikiwa ndefu raundi inatoka nje zaidi, mzingo unakua zaidi, kwahiyo inataka stichi nyingi za kuujaza.

Ukizipunguza kingo zinainuka duara linakuwa kama bakuli. Ukizizidisha zinafanya marinda. Kwahiyo usiulize tatizo ni nini, liweke mezani tu lenyewe linakuambia: limeinuka, stichi chache, lina marinda, stichi nyingi.

Ila kuna kesi ya tatu. Umehesabu, namba zote sahihi, na bado limeinuka. Hapo ni mkono wako, unabana. Panda sindano nusu milimita. Namba sahihi na marinda yapo, mkono umelegea, shuka. Na likiwa na pembe sita zinazoonekana badala ya kuwa duara, ni kwasababu unaongezea palepale kila raundi, zile za kuongeza zimepangana mstari mmoja. Raundi moja anza kuongeza kwenye stichi ya kwanza, inayofuata anzia katikati ya nafasi, zinajificha.

Kapeti za fulana nazo zina mambo yake. Fulana za mitumba za Memorial au Kiboriloni pale Moshi zinatoa uzi mzuri sana wa kapeti na vikapu vya midoli ya watoto, unakata utepe wa sentimita 2 hadi 3 kuzunguka mwili wa fulana, unauvuta unajikunja wenyewe. Shida ni kwamba fulana hazifanani, moja nzito moja nyepesi, moja inavutika moja haivutiki, kwahiyo duara linakuwa zuri mpaka ulipobadilisha fulana halafu linaanza kuinuka. Hesabu haina kosa hapo, ni unene. Panga fulana kabla, nzito kwa nzito, na ile nyepesi ikate utepe mpana zaidi ili unene ulingane. Sindano ya milimita 10 ukiikosa madukani mpelekee fundi seremala kipande cha mti mgumu akuchongee, ailainishe vizuri kwa msasa tu isije ikawa inanasa.

Kofia haimkai mtoto

Hapa nitakaa kidogo kwasababu watu wanafuma kofia kwa kukadiria, na wanakadiria vibaya. Kichwa cha mtoto mchanga kina mzingo wa karibu sentimita 35, akifika miezi sita ni kama 43, mwaka mmoja kama 46. Hizo ni za wastani, mwenye mtoto karibu ampime kwa tepu juu ya nyusi kuzunguka mpaka nyuma. Kofia inatakiwa iwe ndogo kuliko kichwa kwa sentimita 2 au 3 maana kroshia inavutika, ukifuma sawasawa na kichwa itamshukia machoni.

Sa chukua kichwa cha 44. Kofia iwe 42. Gawa kwa 3.14 unapata 13 na kidogo, yaani duara la juu liache kukua likifika sentimita 13 hivi, baada ya hapo unafuma bila kuongeza, unashuka tu. Watu wengi wanaendelea kuongeza mpaka duara "lionekane linatosha kichwani" wakilipachika juu ya kichwa cha mtoto, hapo limeshazidi kitambo.

Kama unafuata paterni (maelekezo ya kufuma) ya namba na siyo tepu, lazima ujue mkono wako. Fuma kipande cha sentimita 12 kwa 12, katikati yake pima sentimita 10 uhesabu stichi. Tuseme paterni ya singo inasema stichi 66 na mwandishi wake anapata stichi 16 kwa sentimita 10, kofia yake ni sentimita 41. Wewe mkono umelegea unapata 14. Kwa stichi zilezile 66 kofia yako inatoka sentimita 47. Stichi mbili tu ndo zimekutoa kwa mtoto wa miezi sita zikakupeleka kwa wa mwaka na zaidi. Najua kufuma kile kipande kunachosha na kila mtu anaona ni kupoteza uzi, lakini unakifumua unautumia, haupotei popote.

Na tukubaliane kuhusu joto. Mtoto wa Moshi mjini mwezi wa pili hahitaji kofia ya uzi mzito wa sweta, atatoka vipele shingoni na utadhani uzi una sumu. Uzi wa pamba, stichi za wazi. Ule mzito uupeleke Marangu na Kibosho au huku kwetu kuanzia Juni.

Vitu viwili vya usalama hapohapo. Kamba ndefu za kufungia kofia shingoni kwa mtoto mdogo sizipendi, na madaktari hawazipendi, acha bila. Na blanketi la mtoto mchanga lisiwe la matundu makubwa, kidole kinaingia kinazungukwa na uzi, na nyuzi zilizolegea upande wa ndani wa soksi vilevile zinafunga kidole cha mguu mama asijue mtoto analia nini. Mtoto wa chini ya mwaka hatakiwi kulazwa na blanketi lililolegea kitandani, kwahiyo hilo ulilofuma ni la kumfunikia ukiwa umempakata au umembeba.

Umefuata paterni neno kwa neno lakini kitu kimetoka kirefu mno au kifupi mno

Angalia paterni imetoka wapi. Wamarekani na Waingereza wanatumia majina yaleyale kwa stichi tofauti na hili limeharibia watu kazi nyingi. Dabo ya Uingereza ndo singo ya Marekani. Trebo ya Uingereza ndo dabo ya Marekani. Wewe umejifunza kwenye vidio za YouTube za Marekani, halafu bibi au mamdogo anakupa kitabu cha zamani cha Kiingereza chenye vitambaa vizuri, unafuma dabo yako inatoka ndefu mara mbili. Namna ya kutambua: ukikuta singo kwenye paterni, mara nyingi hiyo ni ya Marekani, Waingereza wa sasa hawatumii jina hilo. Ukiona hakuna singo hata moja na dabo zimejaa kwenye kitu kinachotakiwa kubana kama mdoli, ishuku ni ya Uingereza.

Kama una picha ya mchoro wenye alama, fuata mchoro uachane na maneno, alama hazina nchi.

Mdoli ana matundu, pamba inachungulia

Sindano ni kubwa. Lebo ya uzi inaweza kusema tumia milimita 4 lakini hiyo ni kwa nguo, mdoli anataka 2.5 au 3 kwa uzi huohuo, mpaka mkono ulalamike kidogo. Angalia pia kama hujamgeuza ndani nje, upande mzuri una vialama vya V vimepangana, wa ndani una vijistari vya kulala, na wengi wanaofuma duara linajikunja upande wao bila kujua. Kwenye kupunguza stichi usikamate nyuzi zote mbili za juu, kamata ile ya mbele tu kwa stichi zote mbili halafu funga pamoja, tundu halionekani.

Ukijaza sufi, ile ya mti, mdoli akifuliwa inajikusanya mabonge na kukauka inachukua muda, na manyoya yake yanapenya hata kwenye matundu madogo. Pamba ya mito ya kisasa inafulika. Mabaki ya sponji yaliyokatwakatwa sawa, ila mdoli anakuwa na vinundu.

Macho ya vifungo na shanga kwa mtoto wa chini ya miaka 3, hapana. Hata yale ya plastiki ya kubana kwa nyuma yanaweza kuchomoka stichi zikitanuka. Darizi macho kwa uzi mweusi, dakika kumi tu.

Kazi ilikuwa sawa, imefuliwa imebadilika

Hapa lawama ni ya uzi, na uzi wetu huku una historia ndefu. Tuanze na ule wa sweta za mitumba, ambao mimi nautetea sana kwasababu sufu halisi huwezi kuipata kirahisi dukani kwa bei hiyo. Kabla ya kununua sweta geuza ndani uangalie mshono wa ubavuni. Kama umepigwa ovaloki, iache, kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kila mstari utakutoka kama kipande kifupi. Kama kingo ni safi na zimeunganishwa kwa mnyororo wa uzi, nunua, kata mshono taratibu, anza kufumua shingoni ushuke. Na kama sufu imeshafuliwa na maji ya moto ikashikana, vuta uone, haifumuki, usijisumbue.

Uzi uliofumuliwa umejaa mikunjo. Ukiufuma hivyohivyo stichi zinatoka nyingine ndogo nyingine kubwa, unadhani mkono umeharibika, halafu siku ya kufua mikunjo inanyooka na blanketi lote linabadilika saizi. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usije ukachanganyikana, loweka maji ya uvuguvugu, kisha tundika na chupa ndogo ya maji ining'inie chini mpaka ukauke.

Hujui ni uzi gani? Choma kipande kidogo juu ya bakuli la maji, watoto wasiwepo. Ukinuka nywele zilizoungua ni sufu, ukinuka karatasi na kuacha jivu laini ni pamba, ukiyeyuka ukaacha kidonge kigumu ni akriliki. Sufu haitaki maji ya moto wala kusuguliwa, inarudi. Akriliki haitaki pasi, inalegea na hairudi tena ilivyokuwa, kuna kofia nyingi zimekufa kwa pasi ya mkaa.

Rangi kuchuja ni nyekundu, bluu iliyoiva na nyeusi. Kabla hujaichanganya na nyeupe lowesha kipande, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, kandamiza. Kitambaa kikishika rangi, fua uzi peke yake mpaka maji yatoke safi, na kama hayatoki usiuchanganye, tafuta mwingine. Chumvi na siki watu wanazisifia sana ila rangi ambayo kiwandani hawakuifunga vizuri chumvi ya jikoni haitaifunga.

Rangi moja lakini blanketi lina mstari unaoonekana katikati, ni loti, yaani uzi wote haukutiwa rangi kwa mkupuo mmoja. Lebo ina namba ya rangi na namba ya loti, zote mbili zifanane. Uzi wa kupimiwa sokoni hauna lebo kwahiyo nunua wote siku hiyohiyo, na ukipungukiwa fuma mistari miwili ya zamani miwili ya mpya kwa kupokezana ili mpaka usionekane.

Ncha zikifumuka baada ya kufua, uliziacha fupi. Sentimita 15, pitisha kwa sindano ya tundu kwenda, kurudi, na kwenda tena ndani ya stichi. Fundo peke yake kwenye pamba linateleza.

Vipande vya mraba havilingani

Vimefumwa siku tofauti, au na watu tofauti, vikundi vya kina mama mnajuana. Usilazimishe kuviunganisha vikubwa kwa vidogo. Vilowanishe, vitandaze kwenye godoro juu ya taulo, vivute vyote kwa kipimo kimoja kwa pini, viache vikauke. Tofauti ya nusu sentimita inaisha hivyo kwa pamba na sufu. Ikizidi sentimita moja fuma raundi ya singo kwenye vile vidogo.

Na pambo la pembeni likifanya mawimbi, umejaza stichi. Ubavuni mwa singo weka stichi moja kwa kila mstari, ubavuni mwa dabo weka mbili kwa kila mstari, kwenye kona weka tatu tundu moja.

Vitambaa vya makochi vimelala au vinateleza

Desemba ikikaribia watu wanapanda nyumbani, na kila sebule kuanzia Machame mpaka Rombo inataka vitambaa vyake vimesimama. Kitambaa kikilala doro baada ya kufua siyo kosa la kufuma, kinataka stachi. Uji mwepesi wa unga wa muhogo uliochujwa vizuri unatosha, chovya, kamua, kinyooshe kikiwa kibichi kwa pini mpaka kila ncha ikae pake. Wengine wanatumia maji ya sukari, kinasimama kweli, na sisimizi nao wanakuja kweli. Stachi ikiacha mabaka meupe kwenye rangi nyeusi, uji ulikuwa mzito.

Cha mgongoni kikirefuka kila mwezi ni uzito wake mwenyewe, stichi ndefu za wazi zinavutika zikining'inia. Vya kuning'inia vifume kwa singo nyingi na uzi mwembamba, sindano ya milimita 1.25 mpaka 1.75, zile dabo na trebo (ya Marekani, ndefu kuliko dabo) za kuchanua ziweke kwenye vya mezani vinavyolala. Na kikiteleza kwenye kochi la ngozi usikichome pini, utatoboa ngozi ya watu. Shonea chini yake vipande vya ule mpira wa matundu wa kuzuia kapeti kuteleza, viwili pembeni na kimoja katikati, na siku ya kufua ukianike kivulini kwasababu jua linaukausha unapasuka.